Kidole cha Shahada, Uzi wa Tatu

Mwanangu Festo,

Tunalala nyumba moja, kwa hiyo sitaanza kwa kukuuliza hali wala kukupa yangu. Hali yangu umeiona tangu Jumatatu. Leo umekwenda kuwaaga wajomba zako, na ninavyowajua, hawatakuachia mpaka uwe umekula katika kila mji. Nina alasiri nzima, na jioni yake. Nimesogeza meza dirishani.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekwambia ukae upande gani wa lori ili vumbi lisikupige, amekufungia michembe, vile viazi vikavu, ya kulisha watu wote mpaka Segese na ibaki, na blanketi amelishona pale lilipochanika. Sina la kuongeza. Mimi nina deni la swali lako tu.

Uliniuliza Jumatatu, tulipokuwa tumenawa mikono baada ya ugali. Ulitoa mfukoni kifuniko cha kalamu, cheusi, kimekwaruzika, ukakiweka mezani mbele yangu ukasema, "Ba'mdogo Sadiki amesema hiki ni chako." Ndivyo nilivyojua kwamba yule fundi cherehani wa Shinyanga unayekwenda kukaa kwake na kupiga muziki naye ni Sadiki. Na kabla sijapata pumzi ukauliza, kwa sauti ya chini, kwa heshima yako ile ile, "Baba, ule mshiko ulikuwa unaujua. Kwa nini ulinifundisha pungufu?"

Nikainuka nikaenda kutazama mbuzi. Mbuzi walikuwa wamekwisha fungwa.

Sasa nakujibu. Nitaeleza hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu mama yako atataka umsomee kabla hujapanda lori, na yeye hajawahi kushika gitaa. Haya mengine hajawahi kuyasikia.

Nilitoka Masasi nikiwa na cheti cha misheni na Kiingereza cha vitabuni. Mgodi ulitaka karani wa kukaa kati ya Wazungu na wachimbaji, aandike na kutafsiri. Nilitia sahihi mkataba wa miaka miwili. Sasa ni ishirini na mmoja. Nimeoa huku, nimezaa huku, nimejifunza kuitikia salamu ya Kisukuma, "mwadila", mchana bila kufikiri, na bado sokoni huitwa mtu wa kuja. Nikiandika kwetu, barua zinarudi na mihuri. Waliokuwa wakizipokea wamekufa au wamehama. Nakwambia haya ili uelewe kwamba kambini mtu kama mimi alipopata ndugu alimshika kwa mikono miwili.

Sadiki alitoka Ujiji. Alikuwa mtoboaji wa mwamba shimoni, akishika ile mashine inayotikisa mtu mpaka meno. Wenzake wengi wa kazi ile mikono iliwatetemeka hata wakishika kikombe. Yake ilitetemeka kwenye kikombe, ikatulia kwenye gitaa. Dini zetu ni mbili, na makabila yetu yako pande mbili za nchi, wala hayana utani, kwa hiyo tulijitungia utani wetu. Mimi nilikuwa Korosho, yeye Mgebuka, samaki wa ziwani kwao. Akinikuta nasoma kitabu mlangoni husema, "Korosho, hicho kitabu kina samaki?" Nami humjibu kwamba Ujiji hawana herufi, wana magamba. Mama yako alikuwa akimpikia Jumapili. Wewe ulikuwa ukilala mapajani mwake gitaa likiwa limekuegemea kichwani. Hukumbuki. Mimi nakumbuka.

Kambi ile ilikuwa na desturi moja kwa wapiga gitaa. Kila mmoja alikuwa na mshiko wake, yaani namna yake ya kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, alioupata kwao au kwa kujitafutia usiku na mchana, na huo hakuutoa. Akiufikia katikati ya wimbo hugeuza shingo ya gitaa ukutani, au hutupia leso juu ya mkono wa kushoto mpaka mahali pale papite. Watu waliita kuvalisha mkono. Hakuna aliyeudhika, ilikuwa kama mganga na mizizi yake. Sadiki naye alivalisha mkono mbele ya watu. Lakini aliponifundisha mimi, kwenye ngazi ya nyumba yetu, leso aliiweka mfukoni. "Tazama, Korosho," aliniambia. "Kwako mkono wangu uko uchi."

Niliamini. Niliamini kwa muda wa mwaka mmoja na miezi.

Wimbo wenyewe unaujua, kwa sababu ndio wa kwanza niliokufundisha. Maneno niliyatunga mimi, gitaa akalitunga yeye, tukiwa tumekaa pale pale kwenye ngazi. *Mama, taa iache inawaka, mwanao yuko njiani.* Ni wimbo wa huzuni, na mishiko yake karibu yote ni ya huzuni, ile ambayo vitabu vya muziki huita maina. Lakini kwenye neno "njiani", kabla wimbo haujarudi mwanzo wake, Sadiki aliingiza mshiko mmoja wa furaha, meja, katikati ya huzuni yote ile. Ukiusikia peke yake ni mshiko wa harusi. Ukiusikia pale, unakuvuta shati. Unajua kwamba sekunde inayofuata utakuwa umefika, na bado hujafika.

Na pale, kila tulipopiga pamoja, aliniambia, "Hapa pumzisha mkono, Korosho. Niachie mimi. Hapa ni pahali pa mtu mmoja." Nami nilipumzisha. Naye kwa wakati ule ule alijigeuza kidogo upande wa pili, amefumba macho, kama mtu aliyezidiwa na utamu. Nilidhani ni utamu.

Siku moja nilimwuliza, je, nikiwa peke yangu pale nibane nini. Akachukua vidole vyangu, akaweka cha kati na cha pete kwenye nyuzi mbili nene zinazofuata ule wa juu kabisa, chumba cha pili kati ya vyuma vya shingo, nyingine zote akaziacha wazi. "Hivyo," alisema. "Basi." Vidole viwili. Ni mshiko wa huzuni, dada yake yule mwingine, na sikio langu lilisikia kwamba si wenyewe. Lakini nilidhani tofauti iko kwenye mkono wake, kama unavyoweza kudhani wali wa jirani ni mtamu kwa sababu ya sufuria yake. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sikio liliniambia kweli, nikalinyamazisha kwa sababu nilimpenda mtu.

Ikaja Jumapili moja, mwaka wa pili baada ya vita kwisha. Sadiki alikuwa na zamu shimoni. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, ngoma za Wasukuma zimepumzika, wakataka dansi, na mtu akasema Karani apige ule wa njiani. Nilivaa koti. Nilikaa kwenye kiti mbele yao wote, watu ambao kila siku ya kazi waliniona nyuma ya dirisha la ofisi, na kwa mara ya kwanza walinipigia makofi kwa jambo lisilohusu karatasi.

Nilipofika "njiani" mkono ulipumzika wenyewe, kwa mazoea. Nikakumbuka, nikaweka vile vidole viwili. Miguu ya wachezaji iligongana. Nikarudia ubeti, ikagongana tena. Kulikuwa na mama mmoja muuza pombe ya mtama, Mama Sabina, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Akasema kutoka kwenye mitungi yake, "Karani, mbona unatufikisha mlangoni halafu unatuacha uani?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwingine akasema niandike barua niombe ruhusa ya kuingia. Nami nilicheka nao. Nilimaliza wimbo, nikarudi nyumbani, nikaning'iniza koti.

Kesho yake jioni nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya ya misheni, nikamwimbia. Hakuchukua muda. Alibonyeza kinanda akasema, "Wimbo wako nyumba yake ni la. Ukitaka kurudi la vizuri, ile so iliyo mlangoni lazima uipandishe nusu hatua, iwe se. Bila hivyo mlango haufunguki." Akaja kwenye gitaa langu. Vidole vyangu viwili akaviacha pale pale vilipokuwa. Akachukua kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka chini, chumba cha kwanza. "Piga," akasema.

Nikapiga. Ndio huo. Mwaka mzima na miezi, na kilichokuwa kimefichwa kilikuwa ni kidole kimoja, mwendo wa ukucha.

Nilimkuta Sadiki kwenye mabomba, akijiosha vumbi la shimoni. Nilimwambia najua. Alitaka kuuliza unajua nini, kisha akauona mkono wangu, nimeuweka hewani kama ulivyokuwa kwenye shingo ya gitaa, vidole vitatu. Alijifuta uso polepole. Nilitegemea atacheka, au aone haya. Alinitazama akasema, "Korosho, wewe una kalamu. Una Kiingereza. Una nyumba ya bati na mke anayekuita baba Festo. Mimi nina kidole hiki. Nikikupa na hiki, kesho wataniita wa nini?"

Nikamwambia, "Uliniambia mkono wako uko uchi."

"Ulikuwa uchi," alisema. "Hata aliye uchi hujifunika mahali pamoja."

Hili lingeweza kuwa la kuchekwa. Miaka hii yote nimelirudia na mara mbili tatu nimekaribia kucheka. Siku ile halikunichekesha. Ningeelewa angenivalisha mkono kama alivyowavalisha wengine. Ningekuwa mtu kati ya watu. Yeye alinikalisha ndani, akaniita ndugu, akanipa kitu kibovu kwa mkono wake mwenyewe na kusema "hivyo, basi". Sijalisamehe hilo lote, Festo. Nakwambia kweli ili usije ukaniona mtakatifu. Liko, kama jiwe kwenye kiatu, na nimetembea nalo miaka kumi na mitano.

Tuliacha kutembeleana. Mama yako aliuliza mara moja, nikasema Sadiki ana zamu nyingi.

Sasa kifuniko cha kalamu. Tulipokuwa tukitunga wimbo ule, kalamu yangu niliishika juu ya gitaa lake, na kifuniko kikaanguka kwenye tundu la gitaa. Tulitikisa, tukapindua, kikakataa kutoka. Sadiki akasema kiache, sasa gitaa lina ulimi. Kikawa kinagongagonga humo akitembea. Nami tangu hapo nilitembea na kalamu isiyo na kifuniko, na kila shati langu lilikuwa na doa la wino mfukoni. Mama yako anayakumbuka mashati yale, sabuni haikuyaweza.

Kama miezi miwili baada ya yale ya mabomba, asubuhi, askari wawili wa geti walimleta Sadiki ofisini wamemshika mikono, na gitaa lake. Alikuwa anakwenda kupiga kwenye harusi upande wa Chato. Unajua upekuzi wa geti ulivyo: mdomo, nywele, soli za viatu. Siku hiyo walilitikisa gitaa, wakasikia kitu kigumu kinagonga ndani. Bwana Kambi, yule Mzungu aliyetawala mabweni, alilichukua akalitikisa karibu na sikio lake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza chai. Akaniambia nimwulize kuna nini.

Sadiki hakunitazama. Alisema kwa utulivu, sentensi nne, na nitaziandika zote nne kama zilivyokuwa: "Si dhahabu. Sijawahi kuiba hata msumari. Gitaa hili ndilo mali yangu pekee. Kinachogonga humo ni kifuniko cha kalamu ya huyu karani, mwulizeni mwenyewe."

Nikatafsiri. Kiingereza changu siku ile kilikuwa kizuri sana. Nilisema anasema si dhahabu, hajawahi kuiba hata msumari, na gitaa ndilo mali yake pekee.

Bwana Kambi akaniuliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Ni hayo tu, Bwana."

Doa la wino lilikuwa kifuani mwangu. Kalamu ilikuwa mfukoni, uchi, mbele ya macho yao wote. Hakuna aliyetazama isipokuwa Sadiki. Hakujua Kiingereza, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu mapigo, na alijua alitoa manne na yalikwenda matatu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bwana Kambi alitembea mpaka kabatini, akatafuta nyundo ya kupasulia mawe ya kupimwa, akarudi. Ni hatua labda kumi na mbili kwenda na kurudi. Nilikaa na karatasi zangu. Nilijiambia hatalivunja. Kisha nilijiambia, akilivunja, ni ubao tu. Na chini ya hayo yote, Festo, kulikuwa na sauti ndogo iliyosema, sasa tuone kidole chako kitakaa wapi.

Alilivunja kwa mapigo mawili. Nyuzi zilipiga kelele ambayo sitaielezea. Kifuniko kikabingirika sakafuni mpaka kwenye kiatu changu. Bwana Kambi akakisukuma kwa ncha ya nyundo, akacheka, akasema basi si mwizi, mwacheni aende. Ingeishia hapo. Lakini Sadiki alikuwa amemrukia askari aliyeshika shingo ya gitaa, akamkaba, na kumgusa askari ofisini kulikuwa na adhabu moja tu. Kabla ya saa sita alikuwa ametolewa kambini na mkeka wake.

Wakati wa kutoka aliinama karibu na kiatu changu. Vipande vya gitaa aliviacha pale vilipokuwa. Aliokota kifuniko. Akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Korosho, hapo umepumzika vizuri."

Bwana Kambi akauliza amesema nini. Nikasema, "Anaaga."

Hii ndiyo sababu hujawahi kumsikia mtu huyo katika nyumba hii. Mama yako nilimwambia amepata kazi kwingine. Nilinunua kifuniko kingine, hakikuenea, nikanunua kalamu nyingine. Ile ya zamani niliiweka sandukuni. Ndiyo hii ninayoandikia, na wino wake bado una tabia ya kumwagika.

Ulipofika miaka kumi na mitatu ukaanza kuning'ang'ania nikufundishe gitaa. Nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Ukataka kwanza ule wimbo, kwa sababu ulikuwa ukinisikia nauimba kwa midomo imefungwa. Tulipofika "njiani", nilikuwa na vidole vyako mkononi mwangu, laini, havijui kitu. Nilijua mahali pa kila kimoja. Nikaweka cha kati na cha pete kwenye nyuzi mbili nene, chumba cha pili. Cha shahada nilikikunja.

"Hivyo," nilikwambia. "Basi."

Neno kwa neno. Nilisikia likitoka.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Sikusahau, na si kwamba nilidhani u mdogo. Sikutaka kidole cha Sadiki kikae ndani ya nyumba yangu, hata mkononi mwako. Nilitaka wimbo niubakize mimi, na yeye nimtoe. Nikakupa wimbo wenye mlango usiofunguka, ukaupiga miaka minne mbele yangu ukidhani ndivyo ulivyo, na nilikusifu.

Kisha ukaenda shule Shinyanga. Sasa niache nami niseme langu, kwa sababu siko kwenye barua hii kama mshtakiwa peke yake. Krismasi iliyopita nilitoka kanisani mapema, kichwa kinaniuma. Nilipofika kwenye mihogo nilisikia gitaa. Ulikuwa unapiga "njiani", na mlango ukafunguka. Nilisimama pale na kofia mkononi. Sijui kama nilifurahi. Nilidhani labda umeokota kwa wenzako. Nikakohoa, nikaingia, nawe ukaendelea na wimbo bila kukatisha, na ulipofika pale tena, nilikuona kwa macho yangu, kidole cha shahada kikajikunja polepole. Ukapiga cha vidole viwili. Ukanisalimia, "Shikamoo, Baba," na ukatabasamu.

Nikaitika marahaba.

Kwa hiyo tangu Krismasi nilijua kwamba na wewe umejifunza kuvalisha mkono mbele yangu. Sadiki alifanya hivyo kwa woga wa kubaki bila kitu. Wewe ulifanya kwa kunihurumia, na sijui kama unaweza kuelewa kwamba hilo lilinichoma zaidi. Na Jumatatu nikajua kwamba Jumamosi zote za miaka miwili ulikuwa unakaa chumbani kwa Sadiki, unakula kwake, unamwita baba mdogo, halafu likizo unakuja hapa na kunipigia wimbo mbovu kama mtu anayempa mgonjwa uji. Hasira ya wimbo ule nilikaa nayo miezi. Nimekuwa nikihesabu walionifanyia: Sadiki, kisha mwanangu. Juzi, baada ya kifuniko kile kuwekwa mezani, nilihesabu tena, na safari hii nikaanza na mimi.

Jana nilikuuliza, unakumbuka, wakati unafunga kamba ya mzigo, Sadiki amekwambia nini juu yangu. Ukasema, "Amesema mlikuwa ndugu, mlitunga wimbo pamoja, na wewe ndiye mwenye maneno." Nikauliza na zaidi ya hayo. Ukasema hakuna. Nikauliza alikufundisha vipi mshiko ule, alivalisha mkono? Ukashangaa. Ulisema alikuwekea kidole siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujakaa vizuri, akakuambia anza na hiki.

Miaka kumi na mitano alikuwa na kifuniko kile, na alikuwa na mwanangu mbele yake, masikio wazi. Hakusema. Sijui kama ni wema au ni namna nyingine ya kunivalisha mkono. Nikimfikiria nadhani ni vyote viwili. Alikutuma na kifuniko, akaniachia mimi neno lenyewe.

Huenda ungependa nimalizie kwa kukwambia uamini watu au usiwaamini. Nimeishi miaka mingi nisijue. Ninalolijua ni dogo: siku niliyokosewa nilijiona nimepewa ruhusa. Sikuitumia siku ile. Niliitunza vizuri, miezi miwili, na ilipokuja nafasi ndogo kabisa, ya sentensi moja, nilikuwa nayo tayari mfukoni. Sikufanya ubaya kwa kusema uongo. Yote niliyomwambia Bwana Kambi yalikuwa kweli. Ukifika mahali ukajiona unasema kweli tupu na bado mkono unakutoka jasho, simama uhesabu.

Leo, ulipoondoka, nilishusha gitaa ukutani. Vidole viwili viliingia vyenyewe. Cha shahada kimekakamaa siku hizi, kiungo cha katikati hakikunji vizuri, na ilinibidi kukisaidia kwa mkono mwingine kama unavyompandisha mzee kwenye lori. Kilifika. Mama yako alikuwa uani anapepeta. Aliacha kupepeta. Kisha akaendelea.

Gitaa lichukue. Nilikuwa nimesema litabaki; nimebadili nia. Lake lilivunjwa, na umeniambia kwamba hajanunua jingine, hupiga la kuazima. Mwambie hili ni lake, nawe utapiga pale atakapokuachia. Kifuniko nakibakisha. Kimeenea kwenye kalamu hii kama vile hakijawahi kutoka.

Na kuna kazi moja ninayokupa. Ukifika Shinyanga, ukishakula na kupumzika, umsomee barua hii. Kusoma hajui, ndiyo sababu tangu mwanzo maneno yalikuwa yangu. Msomee yote, hata pale ninaposema sijamsamehe, hata pale panaponipaka mimi matope. Usimpunguzie na usinipunguzie. Atanyamaza, ninamjua, na utadhani amechoka, utataka kuruka mistari. Usiruke.

Na ukifika pale ofisini, kwenye zile sentensi nne, soma moja, soma ya pili, soma ya tatu. Halafu, mwanangu, hapo usipumzike.

Baba yako